Radhi ya Mama Imenifika Barafuni

Jikoni,
Kituo cha Barafuni.
Jumanne, tarehe 18 Februari.

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikaweka kalamu chini kidogo, nikakuachia nafasi ya kuitikia. Marahaba yako nimeisikia, ile unayoivuta mwishoni, basi sasa naweza kuendelea.

Hujambo lakini? Shemeji hajambo? Bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Na lile jino lako, umeling'oa au bado unazunguka mlango wa daktari na kurudi nyumbani? Niandikie yote, usinifiche kitu kwa kuwa niko mbali. Mtu aliye mbali ndiye wa kuambiwa zaidi.

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Kikohozi kimekwisha. Midomo ndiyo imepasuka, na mikono imekuwa migumu kama visigino, lakini unga bado unakandika na mikate inaumuka. Nikikosa cha kushukuru nitakuwa nimekosa adabu.

Dada, kesho inakuja ndege ya mwisho. Baada ya hapo majira ya baridi yanafunga njia, jua linaondoka kabisa, na hakuna ndege wala meli itakayofika hapa mpaka lirudi. Anayeondoka aondoke kesho. Anayebaki amebaki. Mimi nilikuwa sijui niko upande gani mpaka jana, na ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza nikueleze nilipo, maana najua unapawaza kama friji kubwa lenye taa. Friji lina afadhali, Dada, friji unalifungua ukatoka. Hapa ni theluji hadi macho yanapochoka, nyeupe chini, na juu nayo karibu nyeupe. Theluji yenyewe ni kavu kama unga, ukiikanyaga inalia. Kitambaa kibichi nikitoka nacho nje hatua chache kinakuwa bati. Kutoka jengo la kulala hadi jikoni wamefunga kamba, upepo ukija unaishika kamba na kutembea ukiwa umeinama kama mtu anayetafuta pete. Maji hatuyachoti, tunayachimba: theluji inakatwa kwa koleo, inatupwa kwenye pipa la kuyeyushia, ndipo nipate ya chai. Na kimya! Hakuna jogoo, hakuna mbwa, hakuna mtoto anayelia nyumba ya pili. Dada, sijaona nzi tangu nije. Sikudhani hata siku moja kwamba nitamkumbuka nzi.

Unakumbuka kabla ya hapa kampuni yetu ilinipeleka kule jangwani, kwenye kambi ya wapima miamba, ambako soli za viatu zilikuwa zinabaki chini mguu ukinyanyuka. Kitindamimba wetu alicheka akasema nimetolewa kwenye tanuri nikatiwa kwenye jokofu, imebaki kunipakia kwenye sahani. Lakini lile joto lilikuwa na watu. Wafua nguo walikuwa watu wa lugha yetu, jioni tunakaa nje tunataniana na kucheka. Hapa napika kwa watu wema, sikatai. Wanasema asante kila sahani. Wamenipa jina, Mama Mvuke, kwa sababu dirisha la jikoni halionyeshi kitu kwa mvuke wa sufuria zangu. Lugha yao naijua ya jikoni tu: chumvi, moto, bado kidogo, haya njooni. Zaidi ya hapo tunachekeana. Siku nzima ninaweza kuchekeana na watu na jioni taya linauma, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kitu.

Swala nazo zilinitia wasiwasi mwanzoni, kwa kuwa kiangazi cha huku jua halizami, linatuzunguka tu kama mlinzi. Magharibi utaiswali lini? Nikamtuma Kitindamimba kwa sheikh wa msikiti wetu, akajibiwa nifuate saa za nyumbani. Basi nikaziba dirisha kwa blanketi, nikawa nasujudu wakati ule ule Mama anaposujudu. Hilo limenisaidia sana. Katika mambo yote ya huku, hilo ndilo pekee ninalolifanya na mtu.

Sasa jambo lenyewe. Tulikuwa wapishi wawili, mimi na mzee mmoja ninayemwita Bwana Chumvi, na mwenyewe analijua jina na analipenda. Yeye ndiye aliyepangwa kukaa majira ya baridi, mimi nilipangwa kurudi. Wiki iliyopita aliinua gunia la viazi akashikwa na kiuno, mpaka leo anatembea amejikunja kama swali. Lazima aondoke. Mkuu wa kituo akaja jikoni, akavua kofia, akasimama anatazama viatu vyake. Akaniambia watakaobaki watakuwa wachache, kazi si nyingi, ila bila mpishi watakula makopo mpaka jua lirudi. "Hatukulazimishi," akasema. Alirudia mara mbili. Nikamjibu kwamba mimi nina mama, na bila radhi yake sibaki. Akaitika kwa heshima, ingawa nadhani hakuelewa radhi ni kitu gani. Labda alidhani ni karatasi ya kusaini.

Haya, kupata radhi kwa simu ya huku ni kazi, Dada. Fundi wa mitambo alinieleza kwa mikono: sauti inapanda juu kabisa angani, inapiga kitu huko, ndipo inateremka kwa Mama. Kwa hiyo inachelewa. Unasema, unangoja, unadhani mwenzako amekata, kumbe neno lako bado liko njiani. Kwa hawa wenzangu si tatizo, wao simu zao ni "nimefika, niko salama, kwaheri." Sisi je? Sisi bila salamu hatuna pa kuanzia.

Mara ya kwanza nilimwamkia Mama. Kimya. Nikadhani hajasikia, nikamwamkia tena. Marahaba ya kwanza ikafika katikati ya shikamoo ya pili, naye akasikia naamkia mara mbili, akaanza kulalamika, "Kwani umenisahau mpaka huna hakika kama umeniamkia?" Nikacheka, kicheko kikafika wakati yeye ananiuliza habari za kifua changu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hao watu wanakulisha?" Nikajibu. Jibu likiwa bado angani, yeye uvumilivu ukamwishia, akauliza jingine, "Au wanakupiga?" Ndipo jibu langu likateremka: "Ndiyo Mama, sana, kila siku, namshukuru Mungu!"

Dada, alipiga ukelele. Kitindamimba anasema majirani walijaa mpaka kibarazani. Yule fundi viatu wa jirani alikuja na nyundo yake mkononi, sijui alitaka kuja kunikomboa na nini. Kila nikisema "Mama, sivyo," sivyo yangu inaangukia swali lingine. Mwisho simu ikakatika na Mama akabaki analia na mimi nikabaki nimeshika kitu kinachokoroma.

Kitindamimba alimweleza, wakaelewana. Lakini tangu siku hiyo Mama aligoma kushika simu. "Hiyo simu inanijibu isichoulizwa," alisema. "Mwanangu hajawahi kuniacha na salamu mkononi. Sizungumzi na kitu hicho." Nikipiga, anapokea Kitindamimba, na Mama namsikia kwa mbali anaburuta kigoda.

Wakati huo huo nilimuuliza mwanangu kuhusu kubaki. Akasema, "Utakavyoona wewe, mama. Huku kwetu hakuna tatizo." Mkewe akaongeza salamu. Nikamuuliza Kitindamimba. Akasema, "Kaa tu, dada. Wewe ndiye wa kwanza kwenye ukoo huu kukaa kwenye friji na usiharibike." Tukacheka, kila mmoja kwa wakati wake.

Basi jana nikapiga kwa mara ya mwisho kabla ya ndege. Nilisimama kwenye kile chumba cha mitambo na aproni yangu, fundi akatoka kunipisha. Kitindamimba akapokea. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kesho kutwa ndege. Nenda kwa Mama, mwambie sitaki mazungumzo, nataka neno moja tu, ndiyo au hapana." Nikangoja. Nikasikia kigoda. Nikasikia Mama akimwambia, "Shika hapa mbele ya mdomo wangu. Hapana, karibu. Hapo. Mimi sitaongea naye. Nitaongea na Mungu, yeye asikilize."

Akaanza dua.

Dada, dua haingojewi kuitikiwa. Ilikuja moja kwa moja kama maji ya bomba, bila kugongana na kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nije huku nilimsikia mama yangu mzima mzima, na pumzi zake na kile kikohozi chake cha katikati ya maneno. Alisema, "Ewe Mola, huyu nimemzaa mimi, mvua inanyesha, na paa linavuja, unajua. Amekwenda mahali nisipopajua na sitapajua, lakini wewe umepaumba. Kama watu wale hawana wa kuwapikia, mpe nguvu awapikie. Ni watoto wa watu, wasife njaa. Mimi nimemwachia. Radhi yangu anayo, alale nayo, aamke nayo. Asiwe na wasiwasi nami, nakula, nalala, nina huyu mdogo wake ingawa ni mvivu." Kitindamimba akasema pembeni, "Mama!" Naye akaendelea bila kugeuka, "Mkinge na baridi, mkinge na shari ya wanaotembea na shari ya upepo. Amina."

Nikasema amina. Yangu ilipofika alikuwa ameshaondoka kwenye simu. Kitindamimba akaniambia, "Haya, umepewa. Mambo yamekwisha."

Nikaenda kwa mkuu nikamwambia ndiyo. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Wakati wa chakula wote walinipigia makofi, Bwana Chumvi akanikabidhi kisu chake kizuri cha mifupa, huku amejikunja vile vile. Nikachekeana nao. Nikaosha sufuria.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu, na hata ningetaka, kwa lugha ya jikoni ningelisemaje?

Wakati Mama anaomba, mimi nilikuwa na neno langu nalisubiri. Kila alipovuta pumzi nilisema moyoni, sasa analisema. Umrudishe. Neno moja, Dada. Ee Mola, umrudishe. Angelisema tu hilo, ningetupa aproni. Begi langu lilikuwa limeshafungwa, liko chini ya kitanda tangu Ijumaa, viatu vya safari viko juu yake. Nilimwambia mkuu nahitaji radhi, nilimwambia Kitindamimba nahitaji radhi, na mwenyewe nikajiambia hivyo. Kumbe nilikuwa nazunguka kwa kila mtu nikitafuta wa kunikatalia. Mwanangu hakunikatalia. Mdogo wangu hakunikatalia. Mama, mwenye haki kuliko wote, ameniombea vizuri kuliko nilivyowahi kuombewa, na hakunikatalia.

Simlaumu. Hata nikifikiri naona alijikaza, maana sauti yake kwenye "nimemwachia" haikuwa imara. Alinipa alichodhani nakitaka. Mimi ndiye niliyeomba kitu kimoja huku nangoja kingine. Nikimwambia leo atalia na ndege haitangoja machozi yake, na hawa watu nimeshawaahidi, siwezi kuwageuka wakaishi kwa makopo. Neno la mtu ni neno. Nimefungua begi. Nguo nimezirudisha kwenye rafu moja moja. Chumba kimekuwa kile kile: kitanda, blanketi dirishani, mswala, taa inayovuma.

Nitakaa, na nitakaa vizuri, usinihurumie kupita kiasi. Nitawaokea mikate. Nitaswali na Mama kwa saa zake hata jua likiondoka, sheikh alisema saa ni zile zile. Mungu yuko na huku, nimemkuta, sikumleta mimi.

Ila wewe ni mkubwa wangu, Dada. Baada ya Mama ni wewe. Tangu utotoni ukinituma nakwenda, ukiniita naja, na hujawahi kuniuliza mimi naonaje. Barua hii itakufikia ndege ikiwa imeshaondoka siku nyingi, kwa hiyo halitaharibika lolote. Njia ikishafungwa simu itakuwa kwa zamu, na yangu ni Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Namba anayo Kitindamimba. Ukinipata usianze na salamu, tutagongana. Niamuru tu nirudi nyumbani. Sema kwa ile sauti yako ya kuita watu waje kula. Sitaweza kutii, unajua. Lakini nitakuwa nimeitwa.

Na Mama usimwambie. Mwambie nilifurahi.

Nisalimie shemeji, mwambie akoromee upande wa ukuta mwingine. Wanangu wote hapo kwako niwabusie, hasa yule mdogo ambaye sijamwona akitembea. Ukiandika nyumbani msalimie shangazi wa kule sokoni, na yule fundi viatu, mwambie nyundo yake nimeithamini. Mungu akulinde wewe na mlango wako na wote wanaolala nyuma yake, akupe afya na ujasiri wa kung'oa jino.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, nisiyechoka kukuwaza,

Mama Mvuke