Mpini Mpya wa Kisu cha Mama

Kakuma

Mdogo wangu Ekai,

Ejok. Nakusalimu kutoka kwenye vumbi letu hili. Lodwar mmeamkaje? Mvua imewakumbuka, au bado mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima. Kazi ya kupika hotelini inaendelea, ingawa juzi mafuta yaliniunguza mkono kidogo. Kinachoninyima usingizi ni ile picha uliyonitumia, ya Mama na kisu chake.

Soma barua hii peke yako, ndiyo maana nimemwomba dereva wa matatu akupe mkononi. Wewe kila simu unaiweka spika, na ujumbe ukiingia binti yako anamsomea bibi yake kwa sauti.

Umefanya kazi nzuri, sikatai. Mpini wa mti ulikuwa umepasuka, ukakata bomba la maji la plastiki, ukalipasha moto, ukalivika kwenye kisu. Naona limekaza. Lakini ni duara, Ekai, pande zote sawa.

Mpini wa zamani ulikuwa na kibonyeo upande wa mgongo wa kisu, pale gumba la Mama lilipolala miaka yote akipasua majani ya mti wa mkoma ya vikapu vyake. Nilipokuja Krismasi nilimwona anapapasa kile kibonyeo kwanza, halafu ndiyo anakata. Nikamwuliza. Akasema, "Macho yangu yamekwisha. Usimwambie Ekai. Atanikataza vikapu, na mimi nikikaa bure nitakufa."

Nilimwahidi. Leo naivunja ahadi hiyo kwa sababu naogopa atageuza kisu bila kujua, akandamize gumba kwenye makali akidhani ni mgongo. Hata sufuria nikizipindua hapa jikoni, nawaza kidole cha Mama.

Nilimweleza jirani yangu, seremala Mkongo, nikamwonyesha na picha. Akaniambia, "Ni kitu kidogo. Tia musumari kwa moto, uchome alama ku mugongo. Kidole ya mama itajua."

Basi fanya hivyo leo, kabla hajaketi na majani yake. Choma mpaka gumba lipate pa kulala. Ila kisu usimnyang'anye, nakusihi, wala usimwambie kwamba unajua. Mwambie tu bomba lilikuwa linateleza.

Msalimie mke wako, na shangazi yetu muuza mkaa, ambaye najua bado ananinung'unikia kwa kuondoka bila kumuaga. Mama mwambie vikapu vyake vinaulizwa sana huku, na si uongo.

Kuna jambo lingine nililiona jana, nilipoikuza ile picha. Mama anacheka, kisu kiko mkono wa kulia. Mkono wa kushoto, ule unaoshika majani akikata, ameuficha ndani ya shuka, na joto lote hilo la Lodwar. Ufunue, Ekai. Uniambie umekuta nini.

Ni mimi dada yako, roho iko juu,
Nakiru