Daftari la Ijumaa

Mdogo wangu mpendwa,

Niwie radhi kwa ukimya wangu wa miezi miwili. Barua zako zote mbili zilinifikia. Nilizisoma, kisha nikazirudisha katika bahasha zake, kwa sababu kila jibu nililolianza lilikuwa na uongo ndani yake. Natumaini binti yako amepata nguvu baada ya kujifungua, na kwamba mjukuu wetu ananyonya vizuri. Mimi ni mzima. Goti langu hulalamika kwenye ngazi, lakini goti la mzee lisipolalamika lina jambo linalolificha.

Unajua kwamba baada ya kustaafu nilirudi katika shule anayoiongoza mumeo, nikiwa mwalimu mlezi. Kazi yenyewe ni kumshika mkono mwalimu mpya katika mwaka wake wa majaribio: kukaa nyuma ya darasa lake, kumtazama akifundisha na kumwelekeza, kabla kamati ya shule haijaamua kama atathibitishwa kazini. Nilipewa binti mmoja wa hesabu mwenye sauti ndogo mno, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Nong'ona. Mimi bado wananiita Rula, kwa ukali wangu. Karani wa shule alisema ofisi ya elimu imefunga paka na panya kamba moja.

Ulezi huo una kanuni moja kubwa. Kila Ijumaa mwalimu mpya huandika katika daftari yale yaliyomshinda, nami huandika chini yake la kufanya. Daftari ni la watu wawili tu. Mwalimu mkuu haruhusiwi kuliona. Siku ya kwanza binti aliniuliza kama ni kweli, maana rafiki yake wa shule nyingine alikuwa akiandika mazuri matupu, kwa tahadhari. Nilimjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo aandike.

Akaandika. Aliandika kwamba wanafunzi walimzomea hadi akatoka kwenda kulia katika stoo ya chaki. Aliandika kwamba alifundisha kugawanya sehemu kimakosa wiki nzima, na Jumatatu akasimama mbele ya darasa akawaomba radhi. Mimi katika miaka thelathini na minane sikuwahi kuwaomba wanafunzi radhi. Kufikia muhula wa pili, yule msichana aliyekuwa akiongoza kuzomea ndiye aliyewanyamazisha wenzake ili mwalimu asikike.

Mwezi uliopita kamati ilimwita. Mbele ya watu watano, mumeo alisoma kurasa za daftari hilo neno kwa neno: stoo, machozi, sehemu. Alisoma za mwanzo tu. Zilizofuata alizifunika kwa kiganja. Akaniuliza kama maneno hayo aliyaandika binti mwenyewe. Nikasema ndiyo. Nilipotaka kuendelea, aliniambia, kwa upole wake ule unaoujua, kwamba shemeji ameulizwa swali moja na amekwisha kulijibu. Binti hakuthibitishwa. Wiki iliyofuata mtoto wa kaka wa mumeo, yule aliyekaa nyumbani tangu amalize chuo, alikuwa akifundisha hesabu katika chumba kilekile.

Nilimfuata ofisini, wala hakukana. Alisema nisijifanye mgeni wa dunia, kila ndege huruka na ubawa wake, na kwamba angekuwa mwanangu ndiye anayetafuta kazi nisingekuja na kanuni mdomoni. Huyu ndiye mtu niliyemtetea mbele ya baba alipokuja kukuposa. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu; nami nguo hiyo niliivaa kwa fahari miaka yote.

Sasa nifike kwenye lile lililonizuia kuandika. Binti aliniuliza daftari lilitokaje kabatini kwangu. Nilimjibu kwamba kufuli za shule hufunguka hata kwa msumari. Akanipa pole. Ukweli ni kwamba nililitoa kwa mkono wangu. Mumeo alinijia, akasema amesikia ninavyomsifu binti, akaomba alitazame kwa siku moja tu. Nilijivuna. Nilitaka aone jinsi nilivyomlea mtu akasimama. Kanuni nilikuwa naijua, maana ni mimi niliyemsomea binti.

Binti amekata rufaa, na ameniandikisha kuwa shahidi wake. Kamati ya ofisi ya elimu itakaa Jumatano. Kesho nitamwambia binti ukweli, asije akausikia mara ya kwanza mbele ya watu. Jumatano nitasema nani alilitoa daftari, nani aliliomba, na nani amekalia nafasi ile. Mimi naweza kuondolewa katika ulezi, nayo itakuwa haki. Mumeo anaweza kuvuliwa ukuu, na nyumba mnayoishi ni ya shule. Hilo nimelipima kwa wiki nyingi, ndiyo maana hukupata barua. Sikuombi ruhusa, wala sikuombi uwe upande wangu. Sikutaka tu ulisikie kwa mwingine.

Nisalimie mzazi, na umbebe mtoto kidogo kwa niaba yangu. Uamuzi utakapotolewa nitakuandikia siku hiyohiyo, hata kama utakuwa hutaki tena kufungua barua zangu.

Wako,
Kaka yako mkubwa