Siku Niliyomnyoa Baba

Mjukuu wangu Bahati,

Huku kambini Nakivale tuko wazima. Nyanya yako amemaliza kuvuna maharage, na dada yako Furaha amejifungua mtoto wa kike.

Unasema vipele vimekujaa shingoni na hujui ununue wembe gani huko Mbarara. Nunua ule wa kawaida wenye makali, na usiutumie ukishakuwa butu. Lainisha ndevu kwa maji ya moto na sabuni.

Mengine nilifundishwa na baba yangu, mwaka wetu wa kwanza hapa. Tangu tuvuke mpaka alikuwa hatoki nje wala haongei. Ndevu zilimfunika uso, yeye mzee wa kanisa aliyezoea kunyoa kila Jumamosi. Siku moja nikanunua wembe mpya, nikamketisha mlangoni bila kumwuliza. Nilikuwa na haraka. Nikakwangua kutoka chini kwenda juu, damu ikatoka. Akanishika mkono.

"Polepole, mwanangu. Usikandamize. Angalia fasi nywele zinalala, zinaelekea wapi, upite nazo."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya majuma mengi. Nikaendelea taratibu, naye akinielekeza, mpaka nikauona tena uso wa baba yangu. Akajipapasa kidevu.

"Sasa kaa weye. Ndevu zako zimekuwa mingi."

Akachukua wembe mkononi mwangu. Nilifumba macho, nikamwachia shingo yangu, na hakunikata hata mara moja.

Mungu akutunze huko uliko.

Babu yako, Zakaria