Nilimwita Mama Mkwe Mwizi wa Chakula cha Samaki

Mshauri Fadumo,

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, nilimpoteza mama mkwe wangu. Hajafa. Amehamia kwa binti yake mtaa wa Ziwani, na ni mimi niliyemfukuza, ingawa neno hilo sikulitamka.

Mimi nimejijenga mwenyewe, nilianza na beseni la mandazi hapa Jericho na leo nina tangi nyuma ya nyumba, tilapia mia nne, chakula nachanganya kwa mkono wangu, soya nyingi, pumba za mahindi na omena kidogo, wale dagaa wa ziwa, kwa sababu bei yake siku hizi haishikiki, na mama ndiye alikuwa akiwalisha mara tatu kwa siku huku akiwaongelesha kama wajukuu, na siku ya kwanza aliniuliza kama aikaange soya vile hukaanga ya uji, nikamwambia hatuwezi kumaliza makaa kwa ajili ya samaki, aianike tu juani tupeleke poshomill ikasagwe. Sasa wiki tisa zimeisha, kilo thelathini na mbili za chakula zimeingia, napima samaki, wote pamoja wameongeza kilo tano, tano tu, na jirani yetu Koki ana kuku wanono na ndiye rafiki ya mama, nikajumlisha, nikamuuliza mama mbele ya Koki kilo zingine ziko wapi.

Akaniangalia. "Lydiah mtoto wangu, kama ningekuwa mwizi si ningeiba samaki?"

Akafunga leso akaenda. Mume wangu Odongo sasa ndiye anayelisha samaki. Hesabu nimeirudia mara nne. Nijibu moja kwa moja kabla ya Ijumaa jioni: aliiba au hakuiba?

Lydiah, Jericho

Lydiah,

Hakuiba.

Kujumlisha unajua, kilichokushinda ni tumbo la samaki. Soya mbichi ina kitu kinachozuia maji ya tumboni yasivunje protini, na protini isiyovunjwa haiingii mwilini. Samaki anakula, anashiba, halafu nyingi anaitoa ilivyoingia. Kitu hicho hufa kwa moto, jua haliwezi. Angalia ndani ya tangi, chini kabisa: ule uchafu na yale maji yanayonuka ndizo kilo zako.

Mama alitaka kukaanga, ukamkataza wewe, na umeniandikia hivyo kwa mkono wako bila kuona. Pole. Mtu aliyeanza na beseni huzoea kuhesabu kila punje, siku moja anajikuta anahesabu hadi watu wake.

Soya iliyobaki ikaangwe hadi iive ndani, ipoe, ndipo isagwe. Ongeza omena, samaki wadogo wanaihitaji. Badilisha theluthi ya maji, upime tena baada ya wiki tatu. Lakini hayo ni ya kesho. Leo nenda Ziwani, wewe, si Odongo, na usitume pesa kwa simu. Mchukue Koki, maana ulimwaibisha mama mbele yake. Usianze na habari za protini. Sema, "Mama, nilikosea," kisha nyamaza umwache aseme mpaka amalize. Akikataa kurudi leo, kunywa chai atakayokupa, osha kikombe, na Jumapili uende tena.