Mchezo Wangu Ulipopata Wachezaji

Tandale, Jumapili, 17 Mei 1998. Leo natimiza miezi saba tangu niondoke Kilosa.

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Mie mzima, ila mgongo unalalamika kwa magunia ya viazi ninayobeba hapa sokoni. Shangazi yako amejifungua salama, mtoto wa kike.

Unasema ile lugha uliyoitunga ya kutengenezea michezo kwenye kompyuta wanaitumia wenzako wanne tu hapo chuoni, na unataka kuiacha. Ya kompyuta siyajui. Lakini ujanani, kwenye shamba la mkonge, nilibuni mchezo wa kokoto. Kila aliyekosea nilimkatiza. Siku moja Chande, mkata mkonge mwenzangu, akasusa: "Wewe hutufundishi, unatuhukumu!" Wote wakaondoka naye.

Kesho yake nikamfuata. "Haya bwana, wewe ungeuchezaje?" Akabadilisha sheria mbili. Moyo uliniuma, lakini nikacheza kwa sheria zake. Baada ya wiki nikamkuta anawafundisha watu nisiowajua hata majina, anawaambia, "Huu mchezo wetu."

Basi waulize hao wanne wanakwama wapi. Nitarudi Kilosa mwezi wa kumi, kabla ya vuli. Uje unisimulie wamekubadilishia nini.

Babu yako