Neno Lililonitoka Hewani

Jumanne, 4 Machi

Si presha, si tezi, si wazimu. Mwili unaelekea kukoma hedhi. Aliyesema ni daktari wa wanawake, Milimani, asubuhi hii, majibu ya damu yakiwa mezani. Nilimhoji kama ninavyowahoji wanasiasa. Hasira za ghafla? Ni hiyo. Hofu ya alfajiri isiyo na sababu? Ni hiyo. Kusahau maneno? Hiyo pia. Itaisha lini? Hajui. Nimependa kwamba amesema hajui. Kanipa dawa, kasema niipe muda.

Nina miaka arobaini na minane. Miezi kadhaa nilidhani napoteza akili kama shangazi yangu, na sikumwambia mtu. Leo najua ni nini. Mchana nimekula samaki mzima, ngege, peke yangu, hotelini. Hadi kichwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha habari. Jumamosi kuna mkutano Luanda Kotieno. Samaki wanaofugwa ziwani wamekufa kwenye vizimba, na wafugaji wanataka ofisa wa uvuvi awaeleze kwa nini. Habari hiyo ni yangu, moja kwa moja redioni. Bwana Omollo, mhariri wangu, hataki. Wiki jana nilikwama hewani nikitafuta neno "karani". Redioni kimya ni dhambi.

"Mama, tukurekodi tu. Tutakusafisha hapa studio."

Kunisafisha. Kama dagaa wa omena.

Nikatoka nikamfokea Hassan, fundi wa mitambo, kwa waya aliokuwa ameuweka mahali pake hasa. Kisha nikaingia stoo nikalia. Nachukia kulia. Nikanawa uso, nikamwomba Hassan msamaha, nikarudi kwa Omollo na kufunga mlango.

"Nakaribia kukoma hedhi. Ndiyo maana."

Akatazama feni. "Mama, hayo si ya kikao cha habari."

"Yamefika hewani. Basi ni ya kikao."

Amenipa Jumamosi. Ila nikikwama tena, nahamia dawati la kuhariri, na uwanjani sirudi. Sawa. Nimesema hewani bila karatasi tangu yeye yuko shule ya msingi. Sikuomba huruma. Sikupewa. Najivunia yote mawili.

Ijumaa, 7 Machi

Sijalala. Shuka zimelowa jasho. Mume wangu, Baba Akinyi, amehamia kochi bila kinyongo. "Huko kuna mafuriko," akasema. Nikacheka. Kisha nikakasirika kwamba nimecheka.

Naogopa kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Luanda Kotieno. Harufu ya samaki waliooza hadi feri inapotia nanga. Umati mkubwa. Ofisa akasema ni maji tu yamebadilika, wanafuatilia, akaanza kuelekea gari lake. Hassan akanyoosha kidole. Tuko hewani.

Sentensi ya tatu, neno likanitoka. Vitu vyenyewe vinaelea mbele ya macho yangu, jina hakuna. Joto likapanda shingoni. Ningeweza kuzungukazunguka: "vifaa vile", "miundo hiyo". Sikutaka. Nikaacha kimya kikae. Kisha nikasema, hewani:

"Neno limenitoka. Mama, vile pale mnaviitaje?"

Nikampa kipaza sauti mchuuzi wa samaki aliyesimama karibu, karai tupu kichwani. Wasikilizaji huniita Nyar Kisian, binti wa Kisian, na yeye hakuniachia.

"Vizimba, Nyar Kisian! Umezaliwa kando ya ziwa na hujui vizimba? Wuololo!"

Umati ukacheka. Hakurudisha kipaza sauti.

"Na huyo bwana asiingie gari. Hayo maji alipima lini? Atuambie!"

Nikamfuata ofisa. Mlango wa gari ulikuwa wazi tayari. Nikamuuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale. Akatafuta pa kutazama. Akasema maji hayajapimwa. Hata mara moja, tangu samaki waanze kufa.

Hiyo ndiyo habari. Hakuna kituo kingine kilichokuwa nayo.

Tukikunja nyaya, Hassan akauliza, "Neno lilikutoka kweli, ama ulikuwa unamtega?"

"Lilinitoka kweli."

"Basi litoke tena wiki ijayo."

Nilisimama mbele ya watu wote nikasema sikumbuki, na kazi haikuanguka. Nimefanya kazi nzuri leo. Naandika hivyo bila kupunguza.

Jumatano, 12 Machi

Omollo amebandika ratiba. Dawati la kuhariri lina jina la mtu mwingine.

Nalala vipande vipande. Leo asubuhi hofu ilikuja nikipiga mswaki, bila sababu, ikaondoka nikifunga viatu. Jana nilisahau jina la jirani. Nikamuuliza, akanitajia, tukaendelea na habari za mvua.

Ofisa amepiga simu mwenyewe. Maji yamechukuliwa kupimwa. Majibu yatasomwa mbele ya wafugaji Luanda Kotieno, Jumamosi, 15 Machi, saa nne asubuhi. Moja kwa moja. Nasoma mimi.