Udongo wa Chumba cha Baba

Majengo, Mombasa
4 Machi 2024

Dadangu Naomi,

Hujambo huko kwenye baridi ya Nairobi? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi hapa wazima, ila joto linatutoa jasho hata kivulini. Shemeji yako Kahindi mgongo umepoa, amerudi kupakua mizigo bandarini Kilindini. Anakusalimu sana.

Nimekutumia kwa basi vile vikopo ulivyoniomba kwa utafiti wako: udongo wa uani, udongo wa pale nyuma walipokuwa wakiyeyusha betri za magari, na chupa ya maji ya kisima. Kikopo cha mwisho hukukiomba. Ni udongo wa ukuta wa chumba cha baba, nimeutia ili unicheke. Dada, nina mimba! Na hamu yangu yote imeangukia ukuta ule. Mvua ikinyesha ukatoa harufu yake, sijizuii, namega kipande nakila kama halua. Kahindi asema hadi nijifungue nyumba itakuwa imekwisha. Lakini nikila huona kama baba yuko nami, maana ni yeye aliyeukandika kwa mikono yake.

Usimwambie mtu bado.

Mdogo wako,
Kavumbi


Nairobi
27 Machi 2024

Kavumbi mpenzi,

Kichefuchefu kimepungua? Unapata usingizi? Habari ya mimba ilinitoa machozi ya furaha hapa maabara, watu wakanishangaa.

Jana nilipokupigia ulikata simu kabla sijamaliza. Basi soma hadi mwisho, tafadhali. Nimerudia kupima mara kadhaa nikiomba niwe nimekosea. Ukuta wa baba una risasi. Si ile ya bunduki, ni madini yaliyo ndani ya betri. Walipokuwa wakiyeyusha pale nyuma ilimwagika ikaingia ardhini, na udongo wa kujengea baba aliuchimba palepale. Haina harufu wala ladha mbaya. Ikiingia mwilini mwa mama humfikia mtoto, na yaweza kumdhuru akili kabla hajazaliwa. Maji ya kisima pia yanayo, ingawa kidogo. Msiyanywe.

Usile tena, hata chembe. Nenda kliniki kwa muuguzi Beryl, nimeshazungumza naye, atakutoa damu ikapimwe. Mkuu wangu alitaka tusiseme neno mtaani hadi ripoti itoke. Nimemwambia mtaa huo ni kwetu.

Dada yako akupendaye,
Naomi


Majengo
19 Mei 2024

Dada,

Salamu. Najua umepiga sana. Sikupokea.

Nilikasirika. Baba alikuwa akitoka kibarua jioni anaukanda udongo kwa miguu, mimi na wewe tukimchotea maji. Leo unaniambia alitujengea sumu. Nikamwambia Kahindi, "Naomi amesoma hadi amemsahau baba." Akanijibu, "Naomi hakumtaja baba kwa ubaya. Anamsemea mtoto."

Sijaula tangu siku ile uliponipigia. Nilitaka ulijue hilo. Majibu ya damu yametoka: risasi imo, tena imezidi. Beryl alinishika mkono akasema nile vizuri, ninywe maziwa, na nihame. Jumamosi tunahamia chumba cha kupanga Makadara. Hapa nafunga vyombo huku nalia.

Niambie kweli. Nimemdhuru mwanangu?

Mdogo wako,
Kavumbi


Nairobi
24 Mei 2024

Kavumbi wangu,

Pole, pole sana. Sikuulizi hali, nimeisoma katika kila mstari.

Sitakudanganya: sijui. Ninalojua ni kwamba kuacha kwako kumemfaa kuliko chochote ambacho ningeweza kumfanyia mimi. Na uliacha ukiwa umenikasirikia.

Baba hakujua. Hakuna aliyejua. Aliuchagua udongo ule kwa kuwa ulishika vizuri, akataka tusinyeshewe. Nami nimepima damu yangu. Imo, kidogo. Tuko pamoja, mdogo wangu.

Mwezi ujao nakuja na wenzangu kuzungumza na majirani. Mzee Tsofa amekubali tukutane barazani kwake.

Dada yako,
Naomi


Makadara, Mombasa
16 Septemba 2024

Dadangu Naomi,

U mzima? Tangu uondoke majirani wa kule Majengo hawaachi kukuulizia. Pale nyuma pamefunikwa kwa udongo safi, na mfereji wa maji umefika hadi kwa Mzee Tsofa. Nyumba yetu imebomolewa, kuta zikiloweshwa kwanza kama ulivyowafundisha, vumbi lisiruke. Kahindi alisimamia. Mimi sikwenda.

Amezaliwa, dada. Msichana! Akilia wanamsikia hadi barabarani. Damu yake imepimwa: risasi imo, ila ni kidogo kuliko yangu. Beryl asema atapimwa tena na tena, na tutamtazama anavyokaa, anavyotembea, anavyosema. Nimekubali kungoja. Kuna usiku naogopa, kisha anafungua macho, ananitazama kama mtu aliyenijua zamani.

Kucha zake ni ndefu, anajikwaruza uso. Mimi siwezi kuzikata. Kahindi amejaribu, mikono yake iliyozoea makasha ya bandarini ikashindwa na vidole vidogo vile, akaniachia wembe. Sisi alikuwa akitukata baba, wakumbuka? Alitupakata mmoja mmoja, akimaliza kila kidole anakipuliza ili tusiogope.

Njoo umkate wewe.

Mdogo wako,
Kavumbi